Baba Yangu Yuko Wapi Katika Picha Hii?

Jumamosi iliyopita wanachama wa tawi letu moja walikutana jioni, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakatazama picha ya vita. Haikuwa sinema ya mchezo, ya watu waliovishwa nguo za askari wakajifanya kufa. Ilikuwa ni picha ya mambo yenyewe, iliyounganishwa kutokana na mikanda iliyopigwa wakati vita vinapiganwa, pamoja na maneno ya watu waliokuwako. Jina lake ni The World at War. Ilitengenezwa na kampuni ya televisheni ya Thames ya Uingereza chini ya usimamizi wa Jeremy Isaacs, kwa msaada wa Imperial War Museum ya London, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 1973 hadi Mei 1974. Ina sehemu 26, na msomaji wa maneno yake ni Laurence Olivier, mwigizaji mashuhuri wa Waingereza.

Sisi tulichagua sehemu mbili tu. Ya kwanza yaitwa Nemesis, nayo yaeleza kuanguka kwa Ujerumani tangu Februari hadi Mei 1945. Ya pili yaitwa The Bomb, nayo yaeleza habari za Japani na bomu la atomiki tangu Februari hadi Septemba mwaka ule ule. Tulitaka vijana wetu waone jinsi vita vikubwa kupita vyote vilivyokwisha.

Picha ilipokwisha na taa kuwashwa, alisimama mama mmoja wa umri wa karibu miaka themanini, aliyeketi safu ya mbele. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na nishani ya nyota yenye pembe sita, utepe wake umefifia. Alisema hivi: "Mwanangu, nimetazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Wazungu nimewaona, Wajapani nimewaona. Baba yangu alikuwa Bama miaka ile, na nyota yake ni hii. Yuko wapi katika picha hii?"

Kisha akaongeza neno lililowafanya watu wacheke kidogo, halafu wakanyamaza. Alisema ya kwamba marehemu baba yake hakupenda kuzungumza habari za vita. Lakini jioni nyingine, akiwa ameketi barazani peke yake, alikuwa akisema, "Kalewa, Kalewa," na kutikisa kichwa. Watoto walicheka, wakidhani mzee asema kuna mtu kalewa. Mzee hakuwasahihisha. Amekufa bila ya mtu kumwuliza ni nani huyo aliyelewa.

Aliyeulizwa swali lile ni mwandishi wa maneno haya. Nilisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa ya kwamba swali la mwanafunzi hujibiwa, au mwalimu huomba muda akatafute jibu. Nilimwambia, "Mama, nipe juma moja." Juma limekwisha, na hili ndilo jibu. Twaliandika hapa, katika ukurasa wa maoni ya gazeti, kwa kuwa swali lile si la mama yule peke yake.

Kwanza tuseme haki ya picha. Anayesema ya kwamba picha ile ni mbaya hakuitazama. Katika Nemesis mtu aona mji wa Dresden, uliopigwa mabomu usiku wa Februari 13, 1945 na siku mbili zilizofuata, wakafa watu kama 25,000, wengi wao raia. Aona majeshi ya Urusi yakiivuka mito na kuingia Berlin mwezi wa Aprili. Aona wazee na watoto wa shule wakitiwa bunduki mikononi ili wautetee utawala uliokwisha kuoza. Katika picha hizo asema Traudl Junge, aliyekuwa mwandishi wa barua za Hitler, na asema Albert Speer, aliyekuwa waziri wake. Hitler alijiua Aprili 30, 1945 katika shimo chini ya mji ambao watu wake walikuwa wakiuawa juu. Wajerumani walitia sahihi ya kusalimu amri huko Reims Mei 7, na tena Berlin usiku wa Mei 8.

Yafaa vijana wetu wayaone hayo. Yafaa waone mwisho wa siasa iliyowagawa wanadamu kwa damu, wengine mabwana na wengine taka. Tena yafaa waone ya kwamba raia wa Ulaya naye alilia, akazika watoto, akakimbia na mzigo kichwani kama mkimbizi ye yote. Hatuna chuki na machozi ya mtu.

Lakini picha ya namna hii huwa na kanuni moja ambayo mtazamaji hana budi kuijua. Hujengwa kwa mikanda iliyoko ghalani. Na mikanda ya ghalani ilipigwa na watu waliotumwa na majeshi, na majeshi yalimwelekeza mpiga picha mahali ambapo wakubwa walitaka paonekane. Halafu baada ya miaka 30 mtengenezaji huwatafuta mashahidi, naye huwatafuta wale anaowajua anwani: mawaziri, majenerali, makatibu. Kwa hiyo hata mtengenezaji mwema, asiyekusudia kumficha mtu, huacha watu wengi nje. Mfululizo huu una sehemu yake ya Burma, lakini kichwa chake chataja miaka ya 1942 hadi 1944. Miezi ya mwisho yenyewe, katika mfululizo ule, yapatikana Berlin, Washington, Potsdam na Tokyo.

Sasa tumjibu mama.

Kalewa si mlevi. Kalewa ni mji mdogo katika Burma, kando ya mto uitwao Chindwin. Na safari ya kufika Kalewa ni habari ya askari wetu.

Mwaka 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Iliundwa kwa vikosi vya King's African Rifles, ambavyo watu wetu waliviita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, pamoja na kikosi cha Northern Rhodesia, ambayo sasa ni Zambia. Lugha iliyowaunganisha watu wa makabila yale yote, wakapeana amri na habari, ilikuwa Kiswahili. Walipelekwa Seiloni, na katikati ya mwaka 1944 wakaingizwa Burma. Huko walikuwako pia ndugu zetu wa Kongo ya Kibelgiji, waliohudumu katika hospitali ya uwanjani.

Wajapani walikuwa wamevunjwa huko Imphal na Kohima. Kazi ya divisheni yetu ilikuwa kuwafuata katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Wazungu wenyewe waliliita bonde lile bonde la mauti. Njia ziligeuka tope la kufika mapajani, magari yakazama, na chakula na risasi zikawa zaangushwa na ndege. Malaria na maradhi mengine yaliwaangusha watu pamoja na risasi. Majeshi mengine hupumzika mvua zikinyesha, lakini hawa waliambiwa waendelee. Mwezi wa Agosti waliingia Tamu. Desemba 2, 1944 waliingia Kalewa. Wakauvuka mto Chindwin, na nyuma yao mafundi wa jeshi wakajenga daraja la chuma la urefu wa zaidi ya futi 1,100, lililokuwa kubwa kupita madaraja yote ya namna yake wakati ule. Juu ya daraja lile yalipita majeshi yaliyokwenda kuutwaa mji wa Mandalay mwezi wa Machi 1945.

Basi mama, baba yako alipokuwa akitikisa kichwa barazani, alikuwa bondeni.

Wala habari yao haikuishia pale. Divisheni ya 11 ilipoondolewa mstari wa mbele, brigedi nyingine ya Afrika Mashariki, ya 28, iliendelea na vita. Mwezi wa Februari 1945, wakati ule ule picha ya Nemesis inapoanza, brigedi ile ilikuwa kando ya mto Irrawaddy, mahali paitwapo Seikpyu. Ilipewa kazi ya hila. Ilitakiwa ijionyeshe pale ili Wajapani wadhani ya kwamba hapo ndipo jeshi litakapovuka, ilhali jeshi lavuka mahali pengine, huko Nyaungu, Februari 14. Wajapani wakaamini, wakawashambulia Waafrika wale kwa nguvu. Wenzao wakavuka, wakakimbilia Meiktila, wakautwaa mji ule mwanzo wa mwezi wa Machi, na mgongo wa Wajapani katika Burma ukavunjika. Rangoon iliingiwa Mei 3, 1945, siku nne kabla ya sahihi ya Reims.

Jenerali aliyeongoza majeshi yale alikuwa William Slim, na jeshi lake, la 14, Waingereza wenyewe waliliita jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa magazeti ya kwao yalikuwa yakitazama Ulaya. Ikiwa jeshi zima lilisahauliwa, pima mwenyewe hali ya Mwafrika aliyekuwa ndani yake. Waafrika wa mashariki na wa magharibi waliopelekwa Burma walikuwa karibu laki moja.

Pana na jambo la pili katika picha zile, nalo lahusu bomu.

Picha ya The Bomb yaeleza jinsi viongozi walivyoshauriana. Roosevelt alikufa Aprili 12, 1945, Truman akashika nafasi yake. Bomu lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico Julai 16. Agosti 6, saa mbili na robo asubuhi, liliangushwa Hiroshima, na Agosti 9 la pili likaangushwa Nagasaki. Ilipofika mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa kwa bomu la Hiroshima, na kama 70,000 kwa lile la Nagasaki. Agosti 15 Mfalme wa Japani alisema katika redio, na Septemba 2 sahihi zikatiwa katika manowari Missouri.

Tulipomaliza, kijana mmoja aliuliza swali la darasani: kitu kilicholipuka kilitoka wapi? Watu wakajibu, "Marekani." Hapana. Akili ya kulitengeneza ilikuwa Marekani, lakini sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumika katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniamu nyingi kupita machimbo yo yote yaliyojulikana wakati ule. Mkubwa wa kampuni ya Union Minière, Mbelgiji aitwaye Edgar Sengier, alikwisha kupeleka tani zaidi ya 1,000 kwenye ghala la New York mwaka 1940, na mwaka 1942 akaliuzia jeshi la Marekani. Waliochimba mawe yale na kuyachagua kwa mikono yao walikuwa Wakongo, watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Hawakuambiwa mawe yale ni ya nini. Hawakuambiwa yadhuru mwili. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ile ile waligoma huko Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, wakidai mshahara bora, na askari wakawapiga risasi, wakafa makumi ya watu.

Twasema hivi bila ya kujisifu. Hakuna sifa katika bomu lililounguza watoto wakienda shule. Lakini yule asemaye ya kwamba Afrika ilikuwa nje ya vita vile na aende Shinkolobwe. Udongo wetu ulichukuliwa, jasho letu likachukuliwa, halafu historia ikaandikwa kana kwamba vitu vile vilijileta vyenyewe Marekani.

Jambo la tatu ni siku ya ushindi. Mei 8, 1945 watu walicheza barabarani London na Paris, na mikanda ya siku ile ipo tele. Siku ile ile katika Algeria, mji wa Sétif, Waalgeria walitoka kwa maandamano, nao wakashangilia kushindwa kwa Hitler, lakini wengine walibeba bendera yao na kudai uhuru wao. Polisi walifyatua risasi. Walowezi wakauawa kwa hasira, na jeshi la Ufaransa likalipiza kwa majuma kadhaa katika Sétif, Guelma na Kherrata, kwa bunduki, ndege na mizinga ya manowari. Waliokufa ni maelfu. Miezi mitano kabla ya hapo, Desemba 1, 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, askari wa Kiafrika waliokuwa wafungwa wa Wajerumani walirudishwa, wakadai malipo yao waliyoahidiwa. Walijibiwa kwa risasi za jeshi lile lile walilolitumikia. Serikali ya Ufaransa ilisema wamekufa 35, na wataalamu wa historia wasema ni wengi zaidi. Novemba 2024, baada ya miaka karibu 80, ndipo Rais wa Ufaransa alipoandika ya kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

Na maneno matamu yalikuwa yamekwisha kusemwa. Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitangaza mkataba wa Atlantiki, wakasema ya kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill aliwaeleza wabunge wake ya kwamba maneno yale yalikusudiwa nchi za Ulaya zilizotekwa na Hitler, wala si makoloni. Ahadi ya uhuru ilikuwa na mpaka, na sisi tulikuwa upande wa pili wa mpaka huo.

Ndiyo sababu vita vile, kwetu, havikwisha siku viliyokwisha kwao. Askari walirudi mwaka 1945 na 1946 wakiwa wameona mengi. Walikuwa wameona Mzungu akiogopa. Walikuwa wameona Wahindi wakidai nchi yao waziwazi. Ndugu Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa miongoni mwa vijana wa Tanganyika waliokwenda Burma, na wote wawili baadaye walikuwa katika safu ya mbele ya chama cha TAA, kilichogeuka TANU Julai 7, 1954. Waruhiu Itote wa Kenya alikuwa koplo Burma, akarudi, akaingia msituni, akajulikana kwa jina la Jenerali China. Oktoba 1945, mwezi mmoja tu baada ya sahihi za Missouri, Kwame Nkrumah, Jomo Kenyatta, George Padmore na Mzee Du Bois walikaa pamoja katika mkutano wa Manchester, wakadai uhuru wa Afrika bila ya kuomba radhi. Anayetaka kujua miezi ya mwisho ya vita ilizaa nini, atazame huko.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana gazeti la chama laweza kusema uwongo kwa kupenda kwake kama vile wengine walivyosema kwa kupenda kwao. Tusiseme ya kwamba askari wale wote walikwenda kupigania uhuru wetu. Wengi walikwenda kwa sababu ya mshahara, kodi na njaa. Wengine walipelekwa na machifu wao bila ya hiari. Wengine walikwenda kwa ujana tu, kuona dunia. Wengine waliporudi walinyamaza, wakalima, wakalea watoto, kama baba wa mama yetu. Tena wako watu ambao hawakuvaa nguo ya jeshi hata siku moja na vita viliwavunja mgongo. Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Wadachi, katani na mpira vikawa adimu, na katika Tanganyika wanaume waliandikishwa kwa nguvu ya sheria wakafanye kazi mashambani mwa walowezi. Nao wanawake walibaki na jembe, watoto na kodi. Wote hao wamo katika vita. Heshima yao haitegemei sisi kuwavisha maneno ambayo hawakuyasema.

Lakini malipo yao yanasemeka, maana yameandikwa. Mwaka 2019 zilitolewa hadharani hati za serikali ya Uingereza zinazoonyesha ya kwamba malipo ya kumaliza utumishi wa vita yalipangwa kwa rangi ya mtu. Mwafrika alipangiwa kama theluthi moja ya alichopangiwa Mzungu wa cheo kile kile. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi, lakini karani wa malipo aliuliza.

Na majina yao je? Waliokufa Burma na makaburi yao hayakujulikana, majina yao yamechongwa katika mnara wa Taukkyan, karibu na Rangoon, pamoja na ya Waingereza na Wahindi, karibu 27,000 kwa jumla. Wa vita vya kwanza hawakupata hata hilo. Vita vile vilikwisha Ulaya Novemba 11, 1918, lakini huku kwetu von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, Novemba 25. Wapagazi waliobeba vita vile kichwani walikufa kwa makumi ya maelfu. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe ya kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Hayo ndiyo matokeo ya kumwachia mwingine daftari lako.

Basi tufanye nini?

Kununa hakufai. Kupiga marufuku picha za wengine hakufai. Atakayefungiwa picha ni kijana wetu, naye atazidi kutojua. Picha za askari wetu zipo. Imperial War Museum ile ile ina picha za watu wa Divisheni ya 11 wakiwa katika njia ya Kalewa. Zimekaa kwa kuwa hatukuziuliza. Picha hukaa ghalani kama mkeka uliokunjwa, na mwenye wageni ndiye aukunjuaye.

Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1925. Leo angekuwa amepita miaka mia. Kwa hiyo tusijidanganye ya kwamba tutawakuta wenyewe barazani. Tulio nao ni watoto wao, nao ni wazee, na kila msiba unaotangazwa msikitini au kanisani huenda ni kitabu kimefukiwa. Kazi hii haina mwaka kesho.

Twashauri kila tawi lifanye mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, linunuliwe daftari moja gumu, na katibu wa tawi aende nyumba kwa nyumba. Aulize: ni nani katika ukoo huu alikwenda Keya, au alichukuliwa katani, au alikuwa mpagazi? Jina lake kamili, kijiji chake, namba yake ya jeshi kama yajulikana, alikopelekwa, mwaka aliorudi. Aandike pia wasiorudi. Na aandike maneno yasiyoeleweka kama yalivyosemwa, asiyatupe. Neno "Kalewa" lingetupwa, tusingejua kitu.

La pili, nishani, vyeti vya kuachiwa jeshini, barua na picha vipigwe picha hapo hapo mbele ya wenyewe na virudishwe mikononi mwao. Asitokee mtu wa chama akachukua nyota ya mzee wa watu kwa kisingizio cha makumbusho. Tumekwisha kuona vitu vikiazimwa visirudi.

La tatu, picha za vita zionyeshwe matawini na mashuleni, lakini zionyeshwe kimwalimu. Isimamishwe katikati, watoto waulizwe: ni nani aliyeipiga? Ni nani asiyeonekana? Mafuta, mpira, chakula na madini vilitoka wapi? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa na picha ya kigeni, wala hatadanganywa na picha yetu sisi wenyewe.

La nne, televisheni zetu zitengeneze picha ya Kiswahili ya vita vile, tangu bonde la Kabaw hadi Shinkolobwe, ikisemwa na watoto wa watu waliokuwako. Waingereza walifanya kazi yao mwaka 1973, miaka 28 baada ya vita, mashahidi wakiwa bado hai. Sisi tumechelewa. Aliyechelewa haambiwi alale, huambiwa akaze mwendo.

Mama aliyetuuliza swali amekwisha kuletewa jibu hili kwa mdomo kabla ya kuchapishwa. Tulimfungulia ramani mezani, tukamwonyesha mto Chindwin, na kidole chake tukakiweka juu ya Kalewa. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Na sisi tulikuwa tukimcheka." Akafungua fundo la kitambaa, akaiweka ile nyota juu ya ramani, akaomba jina la baba yake liandikwe kwanza katika daftari la tawi.

Limeandikwa. Karasa zilizobaki ni tupu, nazo zangoja majina ya wazee wenu, ndugu wanachama.